Nilidhani ni Sufuria

Mwaka wa 2021, nikiwa na miaka hamsini na tisa, shida ilinipata saa moja asubuhi nikikamua mbuzi. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye lango la boma na fimbo yake, akigonga nguzo kila mbuzi akipita kutoka. Ko. Ko. Ko. Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida yake tangu nimjue. Siku hiyo fimbo ilinyamaza na mbuzi bado wanapita. Nikainua macho. Alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye nguzo, mdomo umeenda upande mmoja, na mbuzi wanamruka miguu.

Hospitali ilinirudishia nusu mtu. Mkono wa kulia umekufa, mguu wa kulia mgumu kama mpini wa jembe, na maneno yote yameisha. Daktari alisema huenda yakarudi. Hayajarudi. Kilichobaki ni mkono wa kushoto, na ndani ya huo mkono fimbo. Akigonga mara moja, maana yake ngoja. Mara mbili, njoo. Akigonga bila kuacha, kuna jambo baya. Hakuna aliyetufundisha hivyo. Tulianza tu siku moja tukaelewana.

Niseme mimi ni nani kabla sijaendelea, maana kuna watu wakisoma kitu cha mtu wa darasa la tatu wanaanza kucheka. Nilitoka Ukambani na kiondo kimoja, nikaja Kitengela wakati ilikuwa maduka machache na vumbi. Niliosha vyombo vya watu. Nikapikia wajenzi uji. Nikanunua sufuria moja, nikanunua ya pili. Nilipoolewa na Mmaasai muuza mifugo, kwetu walisema atanilaza na ng'ombe, na kwao walisema Mkamba atamroga. Hii ni miaka thelathini na nne tuko pamoja, na wengi wa waliosema wameshazikwa. Haya maneno nimeandika kwa mkono wangu. Aliyenisaidia aliweka nukta tu.

Kazi yangu ni kupika kwenye soko la mifugo Kajiado. Chai, chapati, maharagwe, na supu ya vichwa. Wenye mifugo wanafika kabla ya jua, wametembea, wana njaa, na mpishi ambaye hajafika jana yake hana kazi. Zamani tulikuwa tunalala pale chini ya turubai, mimi na yeye, na hakuna aliyelalamika. Lakini mtu aliyepooza humlazi kwenye baridi ya Kajiado chini ya turubai.

Hapo ndipo kijana wetu wa kwanza alipoingia. Yeye anakaa Rongai, anafanya kazi ya ofisi Nairobi, ni mtoto mzuri, simsemi vibaya. Alikuja akaketi kwenye kiti changu akaniambia, "Mama, wacha nimchukue Baba. Wewe huwezi soko na mgonjwa."

"Unakaa ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu, Mama. Si unajua."

"Na dirisha linaangalia nini?"

Dirisha linaangalia ukuta wa jirani. Mtu aliyezaliwa Oltepesi, akalala nje na ng'ombe utoto wake wote, umpeleke akahesabu matofali ya jirani mpaka afe.

Nikamwambia mimi nitamweka. Akanitazama kama watu wa ofisi wanavyotazama. "Sawa. Lakini Mama, siku moja ukimwangusha, hata mara moja tu, nakuja kumchukua. Na hutanizuia."

Nikasema sitamzuia. Nilisema mbele ya mume wangu, naye alisikia. Tangu siku hiyo niliishi na hofu moja, si mbili. Sikuogopa njaa. Hiyo tunajuana. Niliogopa kumwangusha huyo mtu.

Trela niliipata Rongai hukohuko, nyuma ya ua wa mtu anayeuza mabati ya zamani. Ilikuwa kijumba kidogo cha kuvutwa na gari, cha kulala watu wawili safarini, kina kitanda, kabati na dirisha, juu ya taili mbili. Wenyewe walihama nchi wakakiacha. Ndani kulikuwa na kuku kumi na mmoja wamelala kwa mstari kwenye kabati.

"Mama, unanunua nyumba ama unanunua kuku?" yule muuza mabati akaniuliza.

"Toa kuku wako."

Niliuza ng'ombe wawili nikaichukua. Nikaisugua siku tatu, na mpaka leo mvua ikinyesha inanuka kuku kidogo.

Sasa sikiliza kosa la kwanza, maana sifichi. Pikapu yangu iko na kiti kimoja kirefu mbele. Mume wangu akiketi hapo, mguu hauwezi kukunjika vizuri, na kwenye kona ananiangukia begani. Kwa hivyo nilimlaza kitandani, ndani ya trela, na nikaendesha. Kubeba mtu ndani ya kitu kinachovutwa hairuhusiwi. Nilijua. Nilikuwa nafunga pazia tukikaribia askari wa barabara. Nilijiambia kwamba amelala kwenye godoro, ana mto, ana blanketi, anaumia wapi?

Siku ya kwanza kuifunga ile trela, pikapu ilishuka nyuma mpaka nikaona haya. Upande wa mbele ulitazama juu. Nilikuwa nimepakia kama mtu anavyopakia jikoni, vitu vya kwanza mlangoni, na mlango uko mbele. Mitungi miwili ya maji, mtungi wa gesi, gunia la unga, sufuria kubwa. Vyote mbele, karibu na shingo ya trela pale inaposhikwa na ndoano ya gari. Na nyuma ya pikapu yenyewe nimeweka makaa na meza.

Vijana wa bodaboda pale kwenye stegi ya Kitengela wanatafuta tu mtu wa kumcheka. Mmoja akaniita bibi kwa Sheng yao, "Shosh! Gari yako inakojoa!"

Mtu ambaye hajafuga hawezi kuelewa uchungu wa hayo maneno. Ng'ombe jike akikojoa anashusha makalio anainua mgongo, na pikapu yangu ilikuwa hivyohivyo, neno kwa neno. Walicheka wote. Mwingine akasema, "Mngoje amalize!" Nikawaambia mama zao wote wanajua kunyonyesha lakini hawakujua kulea, nikaondoka. Lakini nilisikia vibaya. Mtu aliyejijenga mwenyewe hapendi kuchekwa akiwa ndani ya mali yake.

Na haikuwa haya peke yake. Njiani taa zangu zilimulika miti badala ya barabara, ingawa ilikuwa jioni tu, na madereva wakanipigia taa za hasira. Usukani ukawa mwepesi kama wa baiskeli. Kila tuta, chuma cha ndoano kilikwaruza lami, krrr, na mimi nikafumba macho kidogo. Nilijua mle nyuma kichwa cha mume wangu kimeruka.

Nikaenda kwa fundi wa springi, kijana wa barabarani hapo Kitengela, anayefanya kazi chini ya gari huku anaimba. Springi za pikapu ni vyuma vilivyopinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Akaingia chini, akatoka, akasema, "Shosh, hapa ni chuma moja ya lori kila upande, na raba ya taili. Umemaliza. Itasimama kama ndume."

Akaweka. Pikapu ikasimama kweli. Nilipita stegi polepole ili wanione. Lakini ilikuwa ngumu kama jiwe, ikiruka kila shimo, na nilipofunga trela ule usukani ulibaki mwepesi vilevile. Nyuma ilikuwa juu na mbele bado haina uzito. Nilijua kuna kitu hakijakaa sawa. Ila sikuwa na mtu wa kumuuliza, au niseme ukweli, sikutaka kumuuliza mtu.

Basi nikafikiri mwenyewe. Na hapa ndipo ninapojilaumu mpaka leo, maana nilifikiri vizuri, hatua kwa hatua, kama ninavyopanga jiko. Nikasema: kinachoshusha gari ni uzito wa shingo ya trela. Uzito wa shingo ni kwa sababu vitu viko mbele. Nikivipeleka nyuma, shingo itapungua. Nikahamisha maji nyuma. Shingo ikainuka kidogo. Nikahamisha gesi na unga. Ikainuka tena. Nikatazama ndani nikauliza nini kizito kimebaki.

Kilichobaki kilikuwa mume wangu.

Nikageuza kitanda, nikakisukuma mpaka ukuta wa nyuma kabisa, nikamlaza. Pikapu ikakaa sawa kama meza. Nikainua ile shingo kwa mikono yangu miwili, mimi mwanamke wa umri huu, ikainuka! Nilijisifu. Nilimwambia mume wangu, "Umeona? Bila fundi." Akanitazama. Akagonga sakafu mara moja.

Ngoja.

Nikadhani anataka blanketi. Nikamfunika, nikafunga mlango.

Ilikuwa alasiri, siku moja kabla ya soko. Tukapita Kisaju vizuri. Gari ilikuwa tamu, taa ziko chini, tuta linapita bila krrr. Nilikuwa nimechelewa, nikaiachilia. Tulipopita Isinya nikasikia mlio nyuma, ko, ko, ko, kwa mbali, juu ya kelele ya injini. Nikasema, hiyo ni sufuria ndogo, sikuifunga vizuri. Ule mlio ukaendelea. Nikapandisha kioo ili usinisumbue.

Barabara hapo mbele inateremka, si sana. Lori la kwenda Namanga likanipita, likasukuma upepo. Nikahisi trela imevuta pikapu upande wa kushoto, kama mtu amekushika koti. Halafu ikaivuta kulia. Nikatazama kioo cha pembeni nikaona dirisha la trela, ambalo sikupaswa kuliona. Halafu halipo. Halafu liko upande mwingine.

Mkia wake ulikuwa unapiga barabara nzima, na kila mara ulienda mbali zaidi. Nilishika usukani nikaupinga, nikawa ninazidisha tu kuyumba. Nikakanyaga breki. Usikanyage breki. Hakuna aliyeniambia, na nikakanyaga, na ile trela ikanisukuma kama ng'ombe dume anayekuingia kwa nyuma. Nikaona gari likija mbele yetu. Niliona uso wa dereva wake, mdomo umefunguka. Sikufikiria Mungu. Nilifikiria kitanda kiko nyuma. Mimi ndiye nilikisukuma mpaka nyuma.

Mguu wangu ulitoka kwenye breki wenyewe. Barabara ikaanza kupanda. Kile kilima ndicho kilituokoa, si mimi. Mkia ukapungua, ukapungua, tukaingia kwenye changarawe kando ya barabara, tukasimama tumekaa upande. Lile gari jingine lilipita likipiga honi mpaka likapotea.

Kukawa kimya. Nilishuka. Kutoka mlango wa pikapu mpaka mlango wa trela ni hatua saba, nimezipima baadaye. Siku hiyo sikuweza kuzimaliza. Nilisimama katikati na mkono kwenye bati. Nikaita. Yeye hana maneno ya kujibu, najua, lakini ana fimbo. Nikangoja fimbo. Hakuna.

Nikafungua mlango. Maharagwe yakamwagika nje miguuni mwangu. Godoro lilikuwa limesimama kwenye ukuta. Yeye alikuwa sakafuni, kati ya godoro na kabati, unga umemjaa uso wote mweupe, na macho yamefunguka. Mtungi wa maji ulikuwa umelalia ule mguu wake mgumu. Nikashika shingo yake. Nilishika mahali si penyewe, nikakosa mshipa, na kwa muda ambao siwezi kukuambia ni mrefu kiasi gani nilijua nimemuua.

Halafu akafunga macho na kufungua. Unga ukaanguka kutoka kwenye kope.

Fimbo ilikuwa imemponyoka, iko chini ya kabati. Nikaitafuta kwa magoti nimrudishie, na hapo nikaona ukuta. Karibu na mahali mto wake ulikuwa, kwenye lile bati la ndani, kulikuwa na vishimo vidogo vya mviringo. Vingi. Vya kwanza vimepangwa, vya mwisho vimetapakaa. Alikuwa amegonga tangu Isinya. Alilala kule mkiani, alihisi ule mkia unaanza kuyumba kabla yangu, na akagonga bila kuacha. Mimi nilipandisha kioo.

Nilikaa chini kwenye unga. Sitaandika nililia namna gani.

Tulifika Kajiado kwa mwendo wa punda. Kwenye lango la soko yuko mzee anayesimamia mizani ya mbuzi, rafiki wa mume wangu tangu ujana. Zamani mmoja alimpa mwenzake ng'ombe, na kwa desturi ya Wamaasai watu waliopeana ng'ombe hawaitani tena kwa majina. Wanaitana Pakiteng. Mimi pia simjui kwa jina jingine. Kabla ya mizani alivuta matrela ya watalii miaka mingi, mahema na maji, mpaka ndani kabisa huko mbugani.

"Takwenya!" akanisalimia.

Jibu ni "Iko." Kila mwanamke wa hapa analijua, hata Mkamba. Mimi nikanyoosha kidole kwenye trela. Akanitazama, akatazama ule unga, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa trela, akamwona mwenzake. Walitazamana. Akambeba kama mtoto, akamweka kwenye kiti chake mwenyewe, akampa maji. Mguu ulikuwa umevimba lakini haukuvunjika. Ndipo akanigeukia.

"Mama, ulimlaza wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma kabisa."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alileta kamba, akaburuta trela mpaka kwenye magogo matatu anapotundikia mbuzi, akaweka mawe kwenye taili, tukarudisha mizigo pale nilipoipanga na gunia la chumvi kitandani badala ya mume wangu, akafunga shingo ya trela kwenye ndoano ya mizani. Watu walianza kukusanyika. Mmoja akauliza, "Pakiteng, hiyo ni beberu ya kabila gani?" Mwingine akasema inauzwa na pembe zake. Mzee hakucheka.

"Soma," akaniambia. "Si unajua namba?"

Mshale ulisimama kwenye kumi na tano.

"Kumi na tano," nikasema.

"Huyo ni mwana-mbuzi. Trela yako yote na mizigo ina uzito gani?"

Trela tupu imeandikwa uzito wake kwenye kibati shingoni. Vile vitu tukavipima kimoja kimoja, mpaka sufuria, mpaka unga uliobaki. Tukajumlisha, pamoja na mume wangu. Karibu kilo mia saba na hamsini.

"Kila kilo kumi za trela, moja ikae kwenye shingo," mzee akasema. "Ikizidi kidogo, si neno. Ikipungua, mkia unatawala kichwa. Wewe uliona gari imeinama ukaona aibu, ukaondoa uzito wote shingoni. Gari iliinama kwa sababu inabeba. Kuinama kidogo si ugonjwa."

"Walinicheka," nikasema. Hilo ndilo neno lililonitoka. Mwanamke mzima.

"Nani?"

"Vijana wa boda."

Mzee akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama chini. Sijawahi kusikia aibu kama hiyo, na nimelala njaa mbele ya watu.

Kesho yake baada ya soko alinionyesha kupanga upya. Kwanza tukapakia kama nilivyopakia siku ya kwanza. Mizani ilikwenda mpaka mwisho wa mia na kugonga chuma. Hiyo pia ni makosa. Kisha tukaweka vizito vyote chini, sakafuni, juu ya ekseli, ule mhimili wa taili, katikati: maji, gesi, unga. Vyepesi mbele na nyuma. Tukasogeza mtungi mmoja mbele kidogo, kidogo tena, mpaka mshale ukasimama sabini. Makaa na meza tukavitoa nyuma ya pikapu tukavisogeza karibu na kabini. Pikapu ikashuka nyuma kidogo tu.

"Sasa utajuaje siku mimi sipo?" akaniuliza. "Jicho linadanganya. Tafuta fimbo upime."

Fimbo ilikuwa moja pale. Fimbo ya mzee wa Kimaasai, eng'udi, si kitu unachokata kata. Hata mtoto wake haruki juu yake. Sikuthubutu kuomba. Mume wangu alitusikiliza, akagonga mara mbili. Nikaenda. Akaninyooshea mkono, na akatazama kisu changu cha vitunguu.

Tulifungua trela, pikapu ikasimama peke yake mahali tambarare. Nikasimamisha fimbo ardhini, ikaegemea bodi ya gari juu ya taili ya mbele. Yeye mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, nikimshikia fimbo, alikata alama pale ukingo wa bodi ulipofika. Halafu ya nyuma. Ilimchukua muda na jasho likamtoka. Tukafunga trela, nikapima tena. Mzee akasema nyuma ikishuka vidole vitatu ni sawa, lakini mbele ikipanda hata kidole kimoja, nisitoke.

Nilirudi Kitengela nikamwambia yule fundi anayeimba atoe vyuma vya lori na raba zake. Akasema, "Lakini Shosh, itachuchumaa tena." Nikamwambia na ichuchumae. Akaweka springi mpya za hiyo gari yenyewe, zenye chuma kimoja cha ziada cha saizi yake. Ilitosha.

Lakini kulikuwa na jambo moja halijapimwa. Mzee wa mizani alikuwa ameniambia wakati wa kuagana, "Utamwambia kijana wako?" Nikasema mguu utapona. Akasema, "Sikuuliza mguu."

Siku nne sikupiga simu. Kila nilipomgeuza mume wangu kitandani niliona ile rangi ya mguu, nikasema kesho. Nilikuwa nimeapa. Nikisema, anachukuliwa. Nisiposema, namweka kwa uongo, na mtu anayewekwa kwa uongo amewekwa namna gani? Siku ya tano nikapiga. Nilisema yote kwa mara moja, mpaka kile kioo nilichopandisha.

Kijana alikuja Jumapili. Hakuketi. Alifungua mlango wa nyuma wa gari lake akaanza kutia blanketi za baba yake, na mto, na shati la kanisa. Mimi nilisimama na mikono yangu. Niliapa sitamzuia, sikumzuia.

Ndipo fimbo ikaanza. Ko ko ko ko ko, kwenye sakafu ya saruji, bila kuacha. Kijana akasimama na blanketi kifuani.

"Baba, ni nini? Unaumwa?"

Ko ko ko ko.

"Mama, anataka nini?"

"Unajua kama ninavyojua," nikasema.

Alishika kichwa. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Haya. Nionyeshe. Mpaka Kajiado na kurudi. Nikiona kitu kimoja, Mama, kimoja tu..."

Nilipima mbele yake. Mbele, palepale kwenye alama. Nyuma, vidole viwili chini ya alama. Tukamketisha mume wangu mbele, katikati yetu, mguu umenyooshwa juu ya gunia la manyoya ya kondoo, mkanda kifuani. Kitu kile nilichosema hakiwezekani kiliwezekana kwa gunia moja. Nilitazama hilo gunia nikataka kulichoma.

Tulipopita Isinya nilikaza usukani kwa mikono yote miwili. Usukani ulikuwa mzito, mzuri, lakini mikono haikujua. Ile barabara ikateremka. Lori likatokea kwenye kioo likija kunipita. Nilikuwa kwenye mwendo wa sabini. Nikasikia karibu na goti langu, kwenye dashibodi: ko.

Ngoja.

Nikatoa mguu kwenye mafuta. Sabini ikawa hamsini. Lori likapita, upepo ukatupiga, na trela ikatikisika mara moja ikatulia, ikafuata nyuma yetu kama mbuzi aliyezoea njia. Kijana alikuwa anatazama ule mkono wa kushoto, na fimbo, na mguu wangu. Nafikiri aliona hapo nani anaendesha.

Tuliporudi Kitengela alitoa blanketi kwenye gari lake, na mto, na lile shati. "Lakini Mama," akasema, "mle ndani gari ikienda, hapana mtu tena. Hata paka."

"Hata paka."

Bado naogopa. Nisiseme uongo mwishoni. Kila nikishuka ile barabara natoa mguu kwenye mafuta mapema, na kioo changu hakipandi tena, hata mvua ikinyesha. Sufuria zote nimezifunga kwa kamba, hata vifuniko, ili kitu kikilia nijue ni yeye.

Leo niko na ploti moja Kitengela, vyumba vitatu na choo. Niko na mbuzi thelathini na mmoja na ng'ombe wanne. Niko na sufuria tisa. Niko na pikapu moja, springi za nyuma mpya, inachuchumaa kidogo. Niko na trela moja yenye vishimo kwenye bati, sijavirekebisha wala sitavirekebisha. Niko na gunia moja la manyoya ya kondoo. Niko na mume, anaketi mbele. Fimbo ni yake, siihesabu.